Neno "makato" lilivyonigharimu

Niliporudi kutoka zamu ya usiku, bahasha ilikuwa mezani. Baba watoto alikuwa ameshaifungua, akaiweka kando ya chakula alichonifunikia, kwa hiyo niliisoma kabla sijanawa mikono. Hospitali ilikuwa inanidai dola 1,228 kwa utrasaundi ya tumbo, kipimo ambacho nilikuwa nimelala kitandani kama dakika ishirini.

"Hawa wamekosea," nikamwambia. "Mimi nina bima. Makato yangu hayajawahi kuruka hata malipo moja."

Nilikuwa nasema kweli. Tatizo lilikuwa ndani ya neno hilohilo, makato, na nimeamua kuandika kwa sababu nimeshakutana na watu wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani walioanguka palepale nilipoanguka mimi.

Nilifundisha shule ya msingi Tanga kwa miaka tisa. Mwalimu wa serikali anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Bima ya Afya, mwajiri anaongeza 3 nyingine, basi. Ukiumwa unakwenda hospitali ya Bombo na kadi yako, fomu inajazwa, unasaini, unaenda kupima. Dawa zikikosekana dirishani unakwenda kununua nje, hilo lipo na linaumiza. Lakini barua ya kukudai pesa ya kipimo ulichokwisha kufanyiwa mwezi uliopita, sikuwahi kuiona. Kwangu mimi kukatwa mshahara ndiko kulikuwa kulipa. Ukishakatwa, umelipa.

Nikahamia Columbus, Ohio, mwaka 2019, nikapata kazi kwenye ghala la kufungasha mizigo. Siku ya kujiandikisha bima tulipewa kijitabu, na kwa sababu tuko wengi tusiojua Kiingereza vizuri, kulikuwa na nakala ya Kiswahili. Nilifurahi sana kuiona. Ndani yake mstari mmoja ulisomeka: "Makato ya mwaka: dola 3,000." Nikachukua hati ya mshahara. Nilikuwa nakatwa dola 62 kila baada ya wiki mbili, malipo 26 kwa mwaka, jumla dola 1,612. Nikaona hesabu imekaa sawa kabisa: mimi natoa kama nusu, mwajiri anamalizia nusu, kama nyumbani. Sikumuuliza mtu yeyote, kwa sababu sikuwa na swali.

Novemba 2023 nilikwenda kwenye uchunguzi wa mwaka. Huo ni bure, na ni bure kweli, si maneno ya matangazo. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inazitaka bima nyingi zilipie huduma za kinga bila mteja kutoa hata senti. Daktari akanipima presha, akaniuliza maswali yake, mwishoni akasema, "Kuna kitu kingine kinachokusumbua?" Nikamweleza maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, yanayonijia nikila vyakula vya mafuta. Akanibonyeza tumbo, akaandika vipimo vya damu na utrasaundi.

Lile jibu langu liliibadilisha ziara yote. Uchunguzi wa mwaka ulibaki bure, lakini mazungumzo ya maumivu yakaandikwa kama ziara ya pili ndani ya chumba kilekile, dola 118. Damu ingeweza kuwa ya kinga kama ingetolewa kuangalia lehemu, yaani mafuta ya damu, kwa mtu asiye na tatizo, ila yangu ilitolewa kutafuta chanzo cha maumivu, kwa hiyo nikadaiwa dola 164. Kisha utrasaundi, dola 1,228. Kisha, wiki moja baadaye, barua kutoka kwa watu nisiowajua kabisa, dola 146. Ilikuwa ya daktari aliyezisoma picha. Sikuwahi kumwona uso. Hospitali inadai pesa ya chumba, mashine na fundi, msomaji wa picha anadai ya kwake peke yake, na hakuna anayekwambia siku ile kwamba bili zitakuwa mbili.

Sisemi mtu amfiche daktari maumivu ili ziara ibaki ya bure. Hapana, sema. Mimi kama ningenyamaza ningekuwa na hali mbaya zaidi leo. Nasema tu ujue kwamba kipimo kilekile, mashine ileile, kinaweza kuwa bure au kikakugharimu kulingana na sababu iliyoandikwa juu yake. Kila kipimo hapa kinasafiri na namba mbili: namba ya kipimo chenyewe, yenye tarakimu tano, na namba ya sababu. Utrasaundi ya tumbo zima ni 76700. Ukishakuwa na hiyo namba una kitu cha kushika ukipiga simu.

Mimi simu yangu ya kwanza niliipiga nikiwa sina namba yoyote, nina hasira tu. Ilikuwa mapema Desemba, nimeshaonana na daktari wa upasuaji, naye akanidai ya kwake, kwa sababu utrasaundi ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Niliomba mkalimani wa Kiswahili. Hii ni haki yako, na ni bure, iwe hospitali au kampuni ya bima. Unasema tu "Swahili" na unasubiri. Akaingia kijana mmoja, kwa lafudhi nilidhani ni wa Kenya.

"Mama, anasema bado hujafikisha makato yako."

"Mwambie makato yangu yamefika. Hati ya mshahara ninayo mkononi hapa, nimsomee."

Akatafsiri. Mhudumu akajibu kitu kirefu. Kijana akarudi: "Anasema makato ni dola elfu tatu na wewe umefikisha elfu moja mia nane sitini na moja."

"Siyo. Mimi nimekatwa elfu moja mia sita na kidogo. Hizo mia nane sitini na moja amezitoa wapi?"

Pakawa kimya. Kisha nikamsikia anamwambia yule mhudumu kwa Kiingereza kwamba mkalimani anaomba ruhusa afafanue neno. Nitamshukuru kijana yule siku zote, maana angeweza kuendelea kutafsiri neno kwa neno hadi tukakata simu kila mtu na lake.

"Mama, haya makato siyo yale ya mshahara. Hii ni pesa ambayo wewe mwenyewe unawalipa hospitali kwanza. Unalipa, unalipa, mpaka mwaka huo ifike elfu tatu. Ikifika hapo ndipo bima inaanza kutoa."

"Na sitini na mbili zangu?"

"Hizo ni za kukufanya uwe mwanachama. Hazihesabiwi huku."

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba nimelipia kitu ambacho sikuwa nimeanza hata kukilipia. Kwa Kiingereza hilo neno hutamkwa kama didaktibo, na ni kweli limetokana na kukata, ila anayekatwa pale ni kampuni: inaondoa elfu tatu za kwanza kwenye mzigo wake, inakuachia wewe. Mfasiri wa kile kijitabu hakudanganya. Amelichukua neno ambalo kila mfanyakazi wa Tanzania anajua maana yake, akalitia maana nyingine, bila kuweka hata mstari mmoja wa maelezo. Tangu siku ile mimi naliita kizingiti. Ndani kuna bima. Ili uingie, uvuke kwanza. Na ukishavuka bado hujamaliza, maana kwenye mpango wangu baada ya kizingiti mimi natoa asilimia 20 na bima inatoa 80, hadi pesa iliyotoka mfukoni mwangu ifike dola 6,500. Hapo ndipo bima inalipa yote hadi mwaka uishe. Kila mpango una dari yake, ila sheria inaweka dari ya juu ambayo mipango mingi hairuhusiwi kuipita. Kwa mwaka 2024 ilikuwa dola 9,450 kwa mtu mmoja.

Kuna karatasi nyingine niliyokuwa naitupa. Inatoka kwa kampuni ya bima, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Nikawa nasema, kama si bili ya nini kuitunza? Kumbe ile ndiyo karatasi ya maana kuliko bili yenyewe. Nilipoipata ya utrasaundi ndani ya droo, ilikuwa na safu nne. Hospitali iliomba dola 1,940. Bima ilikuwa imeshakubaliana nao 1,228. Bima imelipa sifuri. Mgonjwa anadaiwa 1,228.

Yeyote aliyewahi kununua samaki soko la Mgandini, Tanga, ataielewa safu ya kwanza na ya pili: muuzaji anataja yake, mnunuzi anataja yake, wanakutana mahali. Tofauti ni kwamba hapa mapatano yalifanyika bila mimi, zamani, na kila hospitali ina mapatano yake. Kwa hiyo hata kabla ya kuvuka kizingiti bima inakusaidia kitu kimoja, inakupa bei ya mapatano badala ya bei ya kutaja, mradi uende kwa watoa huduma walio kwenye mtandao wake, yaani wale iliopatana nao. Na usilipe bili kabla hujaiona karatasi hii. Bili ya damu niliilipa haraka kwa kuogopa deni, karatasi ikafika baadaye ikiwa na kiasi pungufu kwa dola 31, na kuzirudisha dola 31 kulinichukua simu nne.

Sasa nifike kwenye kosa lililoniuma kuliko la neno.

Daktari wa upasuaji alinipa tarehe mbili za upasuaji nichague moja, 20 Desemba au 10 Januari. Ghalani Desemba ndiyo msimu, ovataimu ni nyingi, na mimi nilikuwa nahesabu bili za vipimo. Nikachagua Januari. Wiki tatu nilivumilia, nikala uji na wali mkavu sikukuu zote, usiku mmoja maumivu yakanikunja sakafuni bafuni hadi baba watoto akashika funguo za gari. Lakini nikasema moyoni, nimeshafikisha dola 1,861, nimebakiza 1,139 tu nivuke.

Januari mosi hesabu ya kizingiti ikaanza upya. Sifuri. Zile 1,861 za Novemba na Desemba zilikuwa za mwaka uliokwisha, hazikuhamia.

Upasuaji, kwa bei za mapatano za hospitali, daktari na mtu wa usingizi, ulifika dola 11,400. Nikalipa elfu tatu za kwanza, kisha asilimia 20 ya 8,400 zilizobaki, yaani 1,680. Jumla 4,680. Ukiongeza bili za mwaka uliotangulia, nilitoa dola 6,541. Kama ningekubali tarehe 20 Desemba, yote yangekuwa ndani ya kizingiti kimoja, ningetoa 5,052. Karibu dola 1,489 zilikwenda kwa sababu ya wiki tatu. Ovataimu yangu ya wiki hizo, baada ya kodi, haikufika elfu moja.

Hesabu hii niliifanya mara nyingi, usiku, nikiamini nimekosea mahali. Sikukosea. Na hakuna aliyenidanganya. Mhudumu wa simu alinijibu nilichouliza, daktari alinipa tarehe mbili zilizokuwa wazi. Haikuwa kazi ya yeyote kati yao kuniambia kwamba kati ya tarehe hizo mbili kuna ukuta. Hicho ndicho kinachonichoma katika mfumo huu. Kila mtu anakuwa amefanya kazi yake, na mgonjwa, aliye na maumivu na lugha ya kuazima, ndiye anayetakiwa kuunganisha vipande.

Niliomba msaada wa bili. Hospitali zisizo za kibiashara, na ndizo nyingi, zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwafutia wenye kipato kidogo, na unaruhusiwa kuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Mimi nilinyimwa, kipato chetu cha watu wawili kilikuwa kimepita kiwango, nadhani hata zile ovataimu zilichangia. Wakanipangia nilipe dola 120 kwa mwezi bila riba. Kukataliwa kwangu kusimzuie mwingine, kwa sababu nimeshawajazia fomu hiyo watu waliofutiwa deni lote.

Agosti 2024 goti likaanza kunisumbua, na daktari akataka kipimo cha picha cha MRI. Safari hii nilikuwa nimeshavuka. Nikamwomba anipe namba ya kipimo, nikapiga simu kwa bima, kisha hospitali, kisha kituo cha picha kilicho kwenye mtaa wa maduka, kinachojitegemea. Hospitali: bei ya mapatano dola 1,900. Kituo: dola 480, pamoja na kusomewa picha. Nilimuuliza daktari kama kuna sababu yoyote ya kwenda hospitali, akasema hakuna, picha atazisoma vilevile. Nikauliza pia kama bima inataka kibali kabla, maana kipimo kisicho na kibali wanaweza kukataa kukilipia. Kilitakiwa, kikaombwa, kikaja baada ya siku tano. Nikalipa asilimia 20 ya 480, dola 96. Karatasi isiyo bili ilipofika niliilinganisha na bili, tarakimu kwa tarakimu.

Watu wananiita mwalimu mpaka leo, na baada ya kusikia habari hizi wameanza kuniletea bahasha zao. Jumamosi kwenye ukumbi wa jumuiya tunakaa Watanzania, Wakenya, Warundi, lakini walio wengi ni Wakongomani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pesa siyo hasara kubwa kuliko zote.

Mwaka 2025 alikuja mama mmoja wa Uvira, anayefua mashuka hotelini, umri wake umepita hamsini. Alikuwa amefanyiwa mamogramu, picha ya kuangalia saratani ya matiti, ile ya kawaida ya wanawake wa umri wake, bure. Kisha ikaja barua kumwita tena, wanataka picha za ziada za titi la kushoto. Hakwenda. Ilikuwa imepita miezi miwili.

"Mwalimu, mimi sitarudi kule. Mwaka ule mwingine waliniita vilevile, nikaenda, wakanitumia karatasi ya dola mia tatu. Ile karatasi ilinikatia usingizi. Nililipa mpaka Pasaka."

"Na walikuta nini, mama?"

"Hawakukuta kitu."

Kwake yeye ilikuwa mara mbili amedanganywa: kwanza waliposema ni bure, pili walipokuta hakuna kitu. Nilimweleza kwamba ya kwanza ni ya kuangalia tu, kama kupita na taa, na hiyo ni bure. Ya pili inakwenda kutazama mahali palipoonyesha kivuli, na hiyo waliiweka kwenye kizingiti. Nilijisikia vibaya kulieleza, kwa sababu nilipokuwa naeleza nilisikia jinsi lisivyo na akili. Kumwita mtu bure hadi mlangoni, kisha kumtoza palepale hofu inapoanza. Hata wakubwa wa nchi hii waliliona: miongozo ya afya ya wanawake ilibadilishwa, na kwa mipango ya bima inayoanza mwaka 2026 picha za ziada zinazohitajika ili kukamilisha uchunguzi huo hazitakiwi kumtoza mwanamke. Ukiwa na barua ya namna hiyo sasa hivi, piga simu uulize, usikae nayo.

Lakini yeye barua yake ilikuwa ya 2025. Tulipiga simu hospitali tukiwa pamoja, spika imewashwa juu ya meza, mkalimani kwenye laini. Tukapata makadirio, dola 340 kwa picha na utrasaundi. Tukaomba fomu ya msaada, nikaijaza kwa hati zake za mshahara za mwezi mmoja, na kwa kipato chake nilikuwa na hakika nusu. Nikamwambia asisubiri jibu, aende kwanza, kwa sababu siku 240 zinaanza baada ya bili na titi halina siku 240 za kusubiri. Alinitazama muda mrefu.

"Na wakikataa?"

"Wakikataa tutalipa kidogokidogo, mimi nitakaa na wewe kwenye simu."

Alikwenda Alhamisi, kwa basi, akiwa ameikunja ile barua ndani ya kitambaa. Walikuta kifuko cha maji. Jibu la fomu lilikuja wiki sita baadaye, ukurasa mmoja, na akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi nimsomee, kwa sababu alikuwa ameona sifuri na hakuamini kama ndiyo aliyotakiwa kulipa.